Mfano wa Kuona kwa Macho

Pale chuo cha ufundi, wanafunzi walimwita mwalimu wa sayansi Bi Thibitisha, na mwenyewe alijua na hakujali. Ukimwambia jua limechomoza, anakuuliza umejuaje. Ukimwambia umechelewa sababu ya mvua, anakutazama viatu kwanza. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Ila jambo la kuambiwa tu lilikuwa halimshuki kooni. Na kazi yake ilimdekeza. Maseremala, mafundi bomba, wachomeleaji wa mwaka wa kwanza, wote walipita mikononi mwake kujifunza maneno ya mwanzo ya sayansi: kani, msuguano, mtanuko, uvukizi na ndugu zao wengine. Kwake, kukariri kitabu kulikuwa sawa na kuiba. Neno ulieleze kwa maneno yako, kisha utoe mfano ulioona kwa macho yako mwenyewe. Ukileta mfano wa kitabuni unakula mstari mwekundu.

"Tufaha lilianguka kutoka mtini," husoma kwa sauti mbele ya darasa, miwani imeshuka puani. "Baba, wewe tufaha umeliona mtini au dukani?"

Darasa linacheka, na mwenye tufaha lake anainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

Basi siku moja, msimu wa joto umekaza, alikaa katika chumba cha walimu akisahihisha jaribio la maseremala. Alishapitia rundo zima la misumari iliyopata kutu na barafu iliyoyeyuka kwenye glasi, akafika kwenye karatasi ya Randa. Huyu alikuwa mwanamke pekee katika darasa la useremala, binti wa miaka ishirini na kitu, mkimya, mikono migumu kuliko umri wake. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu akishika randa haiachi mpaka ubao umekuwa laini wa kuteleza.

Mwalimu akasoma. *Msuguano: nguvu inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze. Mfano, droo ya tatu ya kabati la nguo la chumbani. Haivutiki mpaka ipakwe mshumaa, na hata hapo inalia.*

Akatabasamu. Na kwake droo ya tatu ilikuwa vilevile, na mshumaa aliuweka juu ya kabati kwa kazi hiyo hiyo. Akaweka vema na kuendelea.

*Kabari: kitu chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili. Mfano, kipande cha ndala nyekundu chini ya mguu wa kitanda, upande wa dirishani, kwa sababu sakafu ya pale imebonyea.*

Tabasamu likakaa usoni lakini halikuwa na kazi tena. Kwake, chini ya mguu wa kitanda, upande wa dirishani, kulikuwa na kipande cha ndala nyekundu.

*Uakisi: mwanga kugonga kitu na kurudi. Mfano, ukilala kwenye kitanda hicho upande wa ukutani, kioo cha kabati kinakuonyesha anayeingia mlangoni, na wewe hujageuza hata shingo.*

Upande wa ukutani ndiko alikolala yeye. Kila asubuhi alimwona mume wake akiingia na chai kupitia kioo hicho. Kalamu nyekundu ikabaki hewani. Akasoma la mwisho.

*Mtanuko: kitu kupata joto kikaongezeka ukubwa. Mfano, bati la paa la chumba hicho. Jua likifika utosini linagonga mara mbili, ta, ta, utadhani mtu anabisha hodi.*

Hili hakulijua. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kulisikia bati la chumbani kwake likigonga, asikumbuke. Na angelisikia lini? Saa sita mchana kila siku ya kazi yuko chuoni anafundisha. Mwishoni mwa wiki yuko sokoni, au kwa mama yake mgonjwa. Aliyekuwa nyumbani saa sita mchana ni mmoja tu.

Mume wake alikuwa fundi redio. Meza yake ilikuwa barazani, imejaa nyaya na matumbo ya redio za watu, na hapo alishinda toka asubuhi mpaka jioni, peke yake, maana watoto wao wawili wa kiume walishakua na kuondoka. Nyumba ile waliipanga baada ya mwalimu kupata uhamisho. Mume alitangulia kuhamia, yeye akafuata baadaye, akakuta kila kitu kimetulia mahali pake: kitanda kikubwa cha mbao ngumu na kabati lake, vyote vilikuja na nyumba, na ndala iko chini ya mguu wa kitanda. Alimsifu mume wake moyoni kwa kukumbuka kabari. Hakuuliza.

"Mbona umekodoa macho hivyo, shoga?" aliuliza mwalimu wa hesabu, jirani yake mezani, mwanamke mnene mcheshi ambaye habari zilimpenda.

"Kuna rafiki yangu mmoja," Bi Thibitisha alisema taratibu. "Mwanamke asiyemfahamu anajua mambo ya chumbani kwake. Mambo ambayo hujui mpaka umelala humo."

Mwalimu wa hesabu akaweka kikombe chini. "Mume wa huyo rafiki yako anafanya kazi wapi?"

"Nyumbani."

"Basi hapo hata hesabu haihitajiki. Mwambie rafiki yako za mwizi arobaini, amvizie." Kisha akacheka, na akamtazama mwenzake kwa jicho ambalo halikucheka. "Mwambie pole."

Bi Thibitisha akaikunja karatasi ya Randa na kuitia mkobani bila kuipa alama.

Usicheke. Wewe ungesema kuuliza si ujinga, ungeenda moja kwa moja kwa binti ukamuuliza. Lakini mtu aliyeishi na mume zaidi ya miaka ishirini, akamzalia, akazika naye wazazi wawili, hawezi kwenda kuuliza swali ambalo jibu lake linaweza kuibomoa nyumba. Anataka kwanza awe na ushahidi. Na huyu alikuwa Bi Thibitisha.

Jioni ile alimwangalia mume wake akila. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye mizaha ya chini chini, vidole vimeungua hapa na pale kwa risasi ya kuungia nyaya. Alikula kama kawaida yake, akasifu mchuzi kama kawaida yake. Hilo nalo lilimtia mashaka. Mume alipotoka kwenda kuoga, mwalimu aliinamia uvungu, akauinua mguu wa kitanda kwa bega na kuchomoa ile ndala.

Ilikuwa imekatwa kwa kisu kikali, sehemu ya kisigino. Aliigeuza mkononi. Kisigino kilikuwa kidogo. Haikuwa ndala ya mumewe, ambaye miguu yake ilisumbua wauza viatu, wala haikuwa yake. Kesho yake darasani, wanafunzi wakinakili maelezo ya kanieneo, yeye alikuwa anatazama chini ya meza ya tatu. Randa alikuwa na miguu midogo.

"Mama, hiki kitanda kimepatwa na nini?" mume aliuliza asubuhi hiyo. "Usiku kucha nimebembelezwa kama kichanga."

"Labda kimechoka kubeba siri," alijibu, akifunga mkoba.

Mume akacheka, akidhani ni mzaha, akaenda kutafuta kipande cha boksi cha kuweka chini ya mguu. Boksi likabonyea siku hiyo hiyo.

Sasa sikiliza alichofanya, maana ni jambo ambalo mwanamke mwingine yeyote mwenye wivu asingelifikiria. Mwingine angepekua simu, au angemwachia jirani kazi ya kuchungulia. Yeye alifungua sanduku la dawa akatoa kipimajoto cha homa, kile cha kioo chenye zebaki. Uzuri wake, zebaki ikipanda haishuki. Itabaki palepale ilipofika hata ukikiacha siku nzima, mpaka ukikung'ute. Asubuhi alikikung'uta vizuri, akakilaza chini ya shuka upande wake wa kitanda, upande wa ukutani, akatandika juu yake. Mwili wa mtu ukilala hapo mchana, joto la mwili litaandikwa. Kitanda kikishinda bila mtu, zebaki haitapanda hata mstari mmoja. Akaenda kazini akiwa ameridhika na werevu wake, na ameumia nao.

Jioni alijifungia chumbani akakitoa. Zebaki ilikuwa imepanda mpaka thelathini na nane.

Aliketi kitandani, kitanda kikayumba. Machozi hayakutoka, na hilo ndilo lililomshangaza. Alichosikia ni sauti ya mume wake barazani akibishana na mteja juu ya redio isiyoshika stesheni, akicheka kile kicheko alichompendea akiwa msichana.

Alirudia kesho yake na keshokutwa, maana kipimo kimoja si kipimo, ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake. Jibu halikubadilika.

Na mume naye akaanza kubadilika. Siku ya pili ya kipimajoto alimkuta ameshapika, na haikuwa zamu yake. Siku ya tatu alimpokea mkoba mlangoni akauliza, "Umeshindaje? Hujachoka?" kwa sauti ya mtu anayeongea na mgeni wa heshima. Alimwekea kipande kikubwa cha samaki. Alimtazama akila, na mwalimu akiinua macho, yeye anayashusha. Usiku aligusa paji la uso la mkewe kwa nyuma ya kiganja, polepole, akidhani amelala. Bi Thibitisha alifumba macho akasema moyoni, hivi ndivyo dhamira inavyomsuta mtu. Mume asiye na kosa hamwekei mkewe kipande kikubwa cha samaki bila sababu.

Kisha akamfuma na simu. Alikuwa nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, amegeuzia mlango mgongo.

"Hapana, bado hajasema kitu," mume alikuwa ananong'ona. "Na mimi najifanya sijui. Nikimuuliza atakataa tu, namjua huyu... Sawa. Sawa, nitavumilia mpaka mwisho wa wiki."

Aligeuka akamwona mkewe, simu nusura imdondoke.

"Nani huyo?" mwalimu aliuliza.

"Dada."

"Dada gani ananong'onezewa nyuma ya tangi?"

"Dada yangu mkubwa, Mwalimu. Kwani nina dada wangapi?" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, akapita pembeni yake kuingia ndani. Mwalimu alibaki anatazama tangi. Mpaka mwisho wa wiki. Kwa hiyo kulikuwa na mpango, na mpango ulikuwa na siku yake. Na yeye akaamua kwamba haitafika. Atawafumania wenyewe. Akishawaona kwa macho yake, atafunga nguo zake aende kwa mama yake, na Randa atajua mwenyewe pa kwenda kutafuta cheti cha useremala.

Kesho yake alitega kipimajoto, akaondoka nyumbani kama kawaida, akaomba ruhusa chuoni, na jua lilipokaribia utosini alirudi kwa njia ya uani, viatu mkononi. Kutoka barazani alisikia bisibisi na redio ikikoroma. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akapita ukumbini kwa ncha za vidole katika nyumba yake mwenyewe, akafungua mlango wa chumbani.

Hapakuwa na mtu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama alivyokiacha. Akaketi kwenye kiti kona ya kabati, mkoba magotini, akangoja.

Lakini joto. Hakuwahi kukaa katika chumba hicho saa hiyo. Hakina dari, bati liko juu ya kichwa, na joto lilishuka kutoka kule likamkalia mabegani. Jasho lilimtoka kwapani, likamtoka mgongoni, miwani ikateleza puani. Akavumilia. Kisha akafikiri, hebu. Akainuka, akachomoa kipimajoto chini ya shuka. Kilishapanda. Hakuna aliyelala na zebaki ilishapita thelathini na saba.

Alikichukua mpaka jikoni, akakitia kwenye kikombe cha maji ya mtungi mpaka kikapoa, akakikung'uta zebaki ikarudi chini kabisa. Akakirudisha juu ya kitanda, akaenda kusimama mbali nacho, mikono nyuma, kama anavyowaambia wanafunzi wake wasiguse chombo. Alipokirudia kilikuwa kimeanza kupanda chenyewe, bila mwili wa mtu, kwa joto la chumba tu. Bi Thibitisha aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, yule yule wa tufaha, angemwambia: Mwalimu, hewa nayo ina joto. Siku zote zile alikuwa anapima paa.

Akapumua. Akaketi ukingoni mwa kitanda, karibu acheke. Aliwaza kumfuata mume barazani akamshike mabega kwa nyuma bila kumwambia kwa nini.

Hapo juu ya kichwa chake bati likagonga. Ta. Kimya kidogo. Ta.

Kipimajoto kilimsafisha mume, lakini bati lilimrudisha kizimbani palepale, maana Randa aliijua sauti hii. Mwenye chumba mwenyewe ndiyo kwanza anaisikia leo, na yule binti aliieleza neno kwa neno. Alikuwa amelala humu saa sita mchana, hilo halikuwa na ubishi tena. Barazani mume alisema jambo fulani kwa sauti, neno moja tu, mwalimu hakulipata. Labda alikuwa na mteja. Alitoka kwa mlango wa uani, akavaa viatu nje, akarudi chuoni kwa miguu akiwa na ndala mkobani.

Alimkuta Randa peke yake katika karakana, wenzake wametoka kula. Binti alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, maranda ya mbao yamemjaa nywelini. Mwalimu alifunga mlango nyuma yake. Akatoa karatasi ya jaribio, akaitandaza juu ya meza ya kazi, kisha juu yake akaweka kile kipande cha ndala.

"Hii mifano umeitoa wapi?"

Randa aliitazama karatasi. Ndala hakuiona bado. "Ulisema ya kuona kwa macho, Mwalimu."

"Uliona wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nani?"

"Kwetu."

"Usinichezee, binti." Sauti ilimtetemeka na hakuipenda. "Kitanda hicho nalala mimi. Kabati hilo ni la nguo zangu. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, chumbani kwangu uliingizwa na nani?"

Randa aliiweka randa chini. Ndipo alipoiona ndala. Akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Nyumba ya mwisho kabla ya mtaro mkubwa," alisema. "Tangi liko nyuma."

"Ndiyo."

"Nilisikia imepata mpangaji. Sikujua ni wewe, Mwalimu. Mtaa ule huwa sipiti."

Binti, ambaye kwa kawaida alipima maneno, alianza kuzungumza huku anatazama ndala. Baba yake alikuwa seremala. Waliishi pale toka yeye mdogo. Kitanda na kabati alivitengeneza baba yake mwenyewe, mbao kwa mbao, mlemle chumbani, yeye akimshikia ncha ya futi. Alikuwa mtoto wa kuumwaumwa, hakwenda shule kama wenzake, na mchana alilazwa kwenye kitanda kile upande wa ukutani, ili baba akirudi, yeye amwone kwenye kioo kabla baba hajaingia. Sakafu ilipobonyea, baba alichukua ndala iliyomkatikia mwanawe ukanda, akaikata kabari.

"Na bati?" mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bati likigonga, baba alikuwa anaitikia 'karibu' kutoka uani. Kila siku. Nilikuwa nacheka mpaka nakohoa." Randa alifuta pua kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Alipofariki, mwenye nyumba akataka nyumba yake. Tukaita watu watoe vitu. Kitanda hakipiti mlangoni, kabati halipiti. Baba alipima kila kitu isipokuwa mlango. Wakasema tuvikate kwa msumeno. Mama akakataa. Akasema bora alale mtu mwingine kuliko kukata mkono wa mume wake."

Bi Thibitisha alihisi anataka kuketi na hapakuwa na kiti, akaegemea meza. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amefungua kabati lile na kulilaani kwa sababu ya droo moja, na siku hizi zote alikuwa akimtazama mtoto wa watu miguu chini ya meza.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuwaza vibaya. Vibaya sana."

Randa alielewa, au hakuelewa yote, hakuuliza. Aliichukua ndala akaipima kwenye kiganja chake, na mwalimu akadhani ataitia mfukoni, akawa radhi. Lakini binti akamrudishia.

"Irudishe, Mwalimu. Kitanda kile bila hii hakilaliki."

Jioni ile mume alikuwa ameketi chumbani, si barazani. Aliketi ukingoni mwa kitanda kinachoyumba, na mkononi ameshika kipimajoto. Katika haraka ya mchana mwalimu alikuwa amekisahau juu ya shuka, hadharani.

"Nilisema nivumilie mpaka mwisho wa wiki," mume alisema, "lakini nimeshindwa. Mama watoto, unaumwa nini?"

"Mimi?"

"Nimekuwa nakiona siku zote chini ya shuka, jioni kabla hujarudi, nikibadilisha boksi la mguu wa kitanda. Thelathini na nane, kila siku. Nakirudisha palepale usijue kama nimejua. Nikampigia dada, na yeye ni muuguzi, akasema homa isiyoshuka si jambo la mchezo, lakini nisikushtue, nikulishe kwanza, nikuache useme mwenyewe." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mbona unanificha? Mimi ni nani yako?"

Angeweza kudanganya. Homa ndogo, imekwisha, tusahau. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Lakini mtu ambaye maisha yake yote amewadai wengine ukweli hawezi kuanza kukopa uongo uzeeni, basi akaketi karibu naye, akamweleza yote: karatasi, ndala, kipimajoto, kuingia kwa ncha za vidole. Hakujipunguzia hata neno.

Mume alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakung'uta kipimajoto polepole, akakiweka juu ya meza ndogo.

"Kumbe mimi naogopa kukuzika," alisema, "na wewe unatafuta sababu ya kuniacha."

Akainuka akaenda barazani. Mwalimu alipiga magoti akairudisha ndala chini ya mguu wa kitanda, na kitanda kikatulia. Usiku mume alikuja kulala, akageukia dirishani. Siku zilizofuata walisalimiana, wakapakuliana chakula, na kati yao palikuwa na ukimya ambao mwalimu alijua ameujenga kwa mkono wake. Hakudai asamehewe. Aliamka kabla yake, akamletea yeye chai, na mume aliipokea akasema asante, basi.

Karatasi ya Randa ilipata alama zote. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu: *Karibu nyumbani kwenu, siku yoyote.*

Binti alikuja Jumamosi na randa yake kwenye mfuko wa nguo. Alimsalimu fundi redio barazani kwa heshima, shikamoo, na fundi akaitikia marahaba, akamtazama vizuri huyu aliyemponza, akarudi kwenye nyaya zake. Chumbani, Randa alisimama kwanza mlangoni muda mrefu. Kisha akavuta droo ya tatu, ikalia, naye akaiweka magotini na kuanza kuipunguza pembeni, kidogo kidogo, akiipapasa kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Mwalimu aliketi kitandani akimwangalia. Jua lilipanda. Joto likaanza kushuka kutoka kwenye bati.

Ta, likagonga. Ta.

"Karibu," Randa alisema, bila kuinua kichwa.

Na wakati huo huo, kutoka barazani, sauti nyingine ya kiume ilisema vilevile, "Karibu."

Randa akaacha randa hewani. Zikasikika hatua ukumbini, na kwenye kioo cha kabati mume akatokea, bisibisi mkononi, anamtazama binti kwa mshangao. "Kumbe na wewe unamkaribisha? Mimi mwaka mzima namwambia karibu, haingii."

Binti alicheka, kisha akaziba uso kwa mikono yake yenye vumbi la mbao, mabega yakimtikisika. Mume akangoja mpaka akatulia. Ndipo akamgeukia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile akamtazama usoni.

"Huyo ndiye mgeni wangu wa mchana, Mwalimu," alisema. "Lete kipimajoto umpime."